Kidonda Kisichouma

Amuron alijifungua mtoto wake wa kwanza wakati wa mvua kubwa, mwaka wa sitini na tano, nyumbani kwa mumewe nje kidogo ya Kocholia. Aliyemzalisha alikuwa mama mkwe wake, Adeke, mwanamke mrefu wa maneno machache ambaye alikuwa amewapokea watoto wengi wa upande ule. Mtoto alikuwa wa kike, mkubwa, na alitoka kwa pupa kama mtu anayewahi gari. Amuron akachanika. Adeke alimtazama kwa mwanga wa mlangoni, akaguna, akaweka maji motoni na kutia chumvi ndani yake.

"Utapona," alisema. "Utakalia maji haya asubuhi na jioni. Usibebe mtungi, usiende shambani. Na Opolot atalala kwa kaka yake mpaka mimi niseme."

Opolot, mume wa Amuron, hakuwapo. Alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja wa Bungoma, akibeba saruji kutoka upande wa Uganda kuileta Kenya, na makao yake hasa yalikuwa Malaba, pale malori yaliposimama karibu na reli. Nyumbani alikuja akipata nafasi. Habari za mtoto zilimfikia kwa dereva mwenzake, akaja na sukari, sabuni na kanga mpya. Akamwita mtoto Anjeline, akalala kwa kaka yake kama alivyoambiwa, na asubuhi akaondoka.

Mara ya pili alikuja mchana, mvua ikinyesha. Adeke alikuwa amekwenda matangani na hangerudi siku ile. Amuron alikuwa amekaa kitandani akinyonyesha. Opolot aliingia, akavua viatu vilivyoganda saruji, akamtazama mtoto, akacheka naye kidogo. Halafu akafunga mlango.

"Mama alisema tungoje," Amuron alimwambia. "Sijapona, Baba Anjeline."

"Mama hayuko."

"Lakini mimi nipo. Nakuambia sijapona."

"Nimetoka mbali," alisema Opolot. Hakupaza sauti, wala hakumpiga. Alisema tu kwamba ametoka mbali, kana kwamba hilo lilitosha, na siku hiyo lilitosha. Amuron alimlaza mtoto ukutani. Alitazama juu, mahali ambapo moshi ulikuwa umezipaka nyasi za paa weusi unaong'aa. Maumivu yalikuwa makali, na aliyafuata yote tangu mwanzo hadi mwisho, kisha yakapungua. Yalipopungua aligundua kwamba kuna kitu kingine nacho kimeondoka. Alijaribu kumkasirikia mtu aliyelala kando yake, hasira haikuja. Alijaribu kulia, machozi hayakuja. Mvua ilipokatika alisimama akawasha moto, akampikia.

Adeke aliporudi aliuona mshono wa mwili ambao mwili wenyewe ulikuwa umeanza kuushona, sasa umefumuka tena. Alichukua sufuria akaenda kuchota maji, na alipokuwa akipita uani aliipiga teke ndoo tupu ikabingirika hadi kwenye migomba.

Kidonda kikaanza kupona upya. Lakini baada ya majuma kadhaa, pahali pengine pote pakiwa pamefunga, kilibaki kidonda kimoja kidogo, cha mviringo, kigumu ukingoni kama kifungo cha shati. Adeke alikikagua, akakunja uso.

"Kinauma?"

"Hapana."

"Hata nikigusa hivi?"

"Hata kidogo."

"Basi kinakauka," alisema Adeke, na wote wawili wakaona ni habari njema. Na kweli, baada ya muda kilifunga, hakikuacha hata alama. Amuron akarudi shambani.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika, alianza kuchoka. Kichwa kilimuuma kila jioni. Alipochana nywele zilibaki kwenye kitana mafungumafungu. Siku moja, akiwa kati ya mistari ya pamba, alifungua kiganja kutoa makapi akaona madoa, rangi ya udongo mwekundu, yametawanyika hadi vidoleni. Akavikagua viganja vyote viwili. Akakaa chini akatazama nyayo. Nazo zilikuwa nayo. Hayakuwasha, hayakuuma. Alidhani ni yale makaka ya pamba yenye ncha yaliyomkwaruza, ingawa hakuelewa yamemkwaruza vipi nyayoni. Akasimama akaendelea kuchuma.

Aliyempeleka zahanati ni mtoto. Anjeline alikuwa na kikohozi, na Adeke hakukipenda kile kikohozi. Mganga wa zahanati aliitwa Zephaniah, Mluhya wa makamo kutoka Sigalame, aliyevaa soksi ndefu na kusema Kiswahili cha polepole ili watu wa lugha zote wamfuate. Alimsikiliza mtoto kifua, akampimia dawa kwenye chupa, akamnyooshea Amuron. Amuron alipoinyoosha mikono kuipokea, Zephaniah hakuiachia chupa.

"Mama, fungua mkono. Na huo mwingine. Vua viatu."

Aliyatazama madoa ya viganja na ya nyayo. Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa, akamuuliza mambo ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza. Alizaa lini. Je, alichanika. Mume alikuja lini. Kulikuwa na kidonda? Kilikuwaje?

"Hakikuuma," alisema Amuron. "Kilikuwa cha kuzaa. Kilipona chenyewe."

"Kile cha kuzaa kilipona. Hiki kingine kiliingia mlemle, ndiyo maana hamkukijua." Zephaniah aliweka kalamu chini. "Mama, huu ugonjwa unaitwa kaswende. Unapita kwa mume na mke wanapokutana. Ngozi ya huko ni laini, hata ikiwa nzima ugonjwa unaweza kupenya. Lakini ikiwa imechanika, imechubuka, ina kidonda cha namna yoyote, basi unaingia kama ng'ombe kwenye shamba lisilo na ua. Na kidonda chake chenyewe hakiumi. Ndio ubaya wake. Kingeuma mngekuja."

"Lakini kimekwisha."

"Kidonda kimekwisha. Ugonjwa umeingia kwenye damu. Hayo madoa ndiyo yanatuambia. Nayo yatapotea, utasema umepona tena, na wewe hujapona. Utakaa nao miaka. Mimba itakayokuja inaweza kuharibika, au mtoto azaliwe mfu."

Amuron alimsikiliza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kuulizia njia, lakini alielewa kila neno. Alishangaa jinsi maneno yale yalivyompita. Ilikuwa kama habari za mtu wa Busia ambaye hamjui.

"Mtoto je?" aliuliza.

Zephaniah alimvua Anjeline nguo akamgeuza huku na huku, akamtazama mdomo, makalio, nyayo. Hakuona kitu, lakini alisema atamdunga sindano naye, kwa vile ananyonya na analala kifuani. Akamtoa Amuron damu ili ipelekwe hospitali kubwa, na akaanza sindano siku ileile bila kungoja majibu.

"Utakuja kila siku mpaka nikuambie basi. Na mume aje. Yuko wapi?"

"Malaba."

"Nikikutibu peke yako, atakuja akurudishie. Mwambie aje. Na mwingine yeyote aliye naye, mwambie naye."

Jioni ile Amuron alimkuta Adeke akipepeta wimbi. Alitaka kumwambia kwa Kiateso, lugha yao, akakosa pa kuanzia. Kila neno lililomjia lilikuwa na uso wa mama yake mzazi, uso wa kasisi, uso wa wanawake wa kisimani. Mwishowe alilitumia neno la Zephaniah kama lilivyokuwa, kaswende, na kwa kuwa lilikuwa neno la wageni liliweza kutoka mdomoni.

Adeke aliuweka ungo chini.

"Nilikiona," alisema. "Nilikigusa kwa mkono wangu. Nikadhani ni cha kuzaa." Kuku wakaja wakaanza kudonoa wimbi kwenye ungo, naye hakuwafukuza. "Yule ni mwanangu," alisema. "Mlete."

Basi baada ya sindano ya siku iliyofuata, Amuron alimfunga mtoto mgongoni akapanda basi la Malaba.

Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, mengine yakielekea Tororo, mengine yakirudi, na taniboi, wasaidizi wa madereva, walikuwa wamelala kivulini chini yake. Alimuulizia Opolot. Dereva wa kwanza alimtazama mtoto mgongoni, akatazama pembeni, akasema hajui. Wa pili alimwonyesha hoteli ya chai ya mabati upande wa pili wa reli. "Kwa Auma," alisema. "Hapo ndipo anapokula."

Lori lilikuwa limesimama pale pale nje. Opolot alikuwa amelala chini yake akikaza kitu, miguu imetokeza. Amuron alivitambua viatu.

"Baba Anjeline."

Miguu ilitulia. Halafu Opolot akatoka, grisi mikononi, uso mweupe kwa vumbi la saruji hadi kwenye kope. "Mtoto ana nini?"

"Mtoto ana kikohozi, amepewa dawa. Mimi nina kaswende. Daktari anakutaka zahanati."

Opolot alitazama huku na huku. Akamshika mkono akamvuta nyuma ya lori. "Nani amekutuma uje kunitangaza mbele ya watu? Kaswende! Umeipata wapi hiyo?"

Amuron alifungua viganja akavinyoosha mbele yake. Opolot aliyatazama madoa, kisha taratibu, kama mtu asiyejua anafanya nini, akaifungua mikono yake mwenyewe. Haikuwa na kitu ila grisi.

"Mimi pia yalinitoka hayo," alisema. "Yakaondoka. Nilijua ni saruji."

"Na kidonda?"

"Mchubuko, sio kidonda. Huku." Aliigusa suruali ya kaki juu ya paja, karibu na kinena. "Unakaa kwenye kiti siku nzima, jasho, vumbi la saruji linaingia, linachoma, ngozi inatoka. Kila dereva anao. Kwanza unauma mpaka huwezi kutembea. Halafu ukaacha kuuma, pakabaki pahali kidogo tu, pagumu hivi. Sikujali. Palipona penyewe."

"Hapakuuma."

"Hapakuuma."

Walisimama pale. Treni ya mizigo ilipita polepole kuelekea Uganda, wakangoja ipite kwa sababu hakuna ambaye angesikika. Amuron alijua kwamba mtu huyu hadanganyi kuhusu mchubuko. Alijua pia kwamba mchubuko ule haukumzuia kwenda kwa mwanamke mwingine, kama vile kuchanika kwa Amuron hakukumzuia siku ile ya mvua. Aliyajua yote mawili kwa pamoja, na hakuna hata moja lililomsogeza.

Treni ilipokwisha kupita, mwanamke alikuwa amesimama kwenye mlango wa hoteli, birika mkononi. Alikuwa wa rika la Amuron, mnene kidogo, kitambaa cha njano kichwani. Alitazama kanga, akatazama mtoto.

"Opolot, huyu ni nani?"

Opolot alichukua spana yake.

"Mimi ni mke wake," alisema Amuron kwa Kiswahili.

"Mke wake alikufa," alisema Auma. "Alikufa akizaa. Aliniambia mwenyewe, nikamchangia pesa ya jeneza."

"Sikufa," alisema Amuron. "Nilichanika tu."

Auma aliliweka birika chini, juu ya kizingiti, kwa uangalifu mwingi. Opolot alirudi chini ya lori, na hakuna aliyemwita.

"Dada," alisema Amuron, "wewe pia uende zahanati. Kuna ugonjwa. Kidonda chake hakiumi, huwezi kujua. Kesho nitakuwa huko asubuhi." Akamwelekeza njia. Alisema yote hayo bila kupumzika, kama mtu anayepeleka salamu alizotumwa. Auma alimuuliza kama amekula. Amuron akasema ndiyo, ingawa hakuwa amekula, akarudi kungoja basi.

Asubuhi iliyofuata Auma alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, mwavuli umesimamishwa katikati ya magoti, na alijisogeza kidogo Amuron aketi. Baadaye sana lori likasikika, likasimama mbali, na Opolot akaja kwa miguu akiwa amevaa shati safi. Nafasi iliyobaki kwenye benchi ilikuwa baina ya wale wanawake wawili na bibi mmoja mwenye jipu. Akakaa hapo. Watu waliopita waliwaona watatu wanaongoja kama wengine wowote, pengine wakafikiri ni ndugu.

Amuron alipoitwa ndani, Auma alinyoosha mikono akampokea mtoto. Sindano ilikuwa nene na iliuma. Zephaniah alisema pole, na Amuron akaona ajabu kwamba mtu anampa pole kwa hilo. Alipotoka, akichechemea, alimkuta Auma anampepea Anjeline kwa ukingo wa kitambaa cha njano, na mtoto analala. Alisimama mlangoni akangoja hasira. Alikuwa na hakika kwamba sasa itakuja, na angeipokea. Bibi mwenye jipu alikohoa. Zephaniah akaita jina la Opolot. Amuron akaenda akamchukua mtoto, akasema asante.

Wale wanawake wawili walimaliza sindano zao. Walikutana kila siku kwenye benchi lile, wakazungumza mambo ya kawaida, bei ya sukari, samaki kutoka Rukala waliochelewa kwa sababu ya mafuriko. Siku ya mwisho Auma alisema anahamia Busia kwa dada yake, hoteli ataiuza. "Kama angekuwa ameniambia mkewe yu hai," alisema, kisha akaliacha neno hapo hapo. Wakapeana mikono. Hawakuonana tena.

Opolot alikuja siku chache, halafu hakuja. Tajiri wake, yule Mhindi, alikuwa na mzigo wa Kisumu, ilisemekana, kisha mzigo wa Nakuru. Zephaniah alimwambia Amuron waziwazi: dawa iliyokatwa njiani ni bure, itabidi Opolot aanze upya, na mpaka amalize wasikutane.

Opolot aliporudi mavuno yalikuwa yamekwisha. Alikuja na nyama. Alikula, akasifu chakula, akajinyoosha, akaanza kufungua viatu.

"Umemaliza sindano?" Amuron aliuliza.

"Nimepona. Nitazame. Sina hata kipele."

"Sikuuliza hivyo."

"Wewe ni mke wangu."

"Ndiyo. Umemaliza sindano?"

Alimtazama kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Amuron hakuwa amekasirika, wala hakuwa akiogopa, na hilo ndilo lililomshinda Opolot. Angekuwa na la kufanya na hasira, angekuwa na la kufanya na woga. Adeke alikuwa amesimama uani akisikia kila kitu. Opolot alifunga viatu tena akaenda kwa kaka yake.

Shauri likapelekwa kwa watu wa ukoo. Walikaa Jumapili alasiri wakizunguka mtungi wa ajon, mirija mirefu ikiwa imeinamia kwenye ile pombe ya wimbi, na kaka mkubwa wa Opolot, Omagor, akauliza ni mke wa namna gani anayemfukuza mumewe kitandani. Amuron aliletewa kigoda. Alijibu kwa Kiateso mpaka alipofika kwenye lile neno, hapo akasema kaswende, kwa sauti ileile, akaendelea. Alieleza kuchanika. Alieleza mvua. Alieleza kidonda kisichouma. Wanaume walitazama mirija yao.

"Uongo," alisema Opolot, lakini alisema kwa kunong'ona.

"Nilikigusa kwa mkono wangu," alisema Adeke kutoka nyuma. "Nilimwambia angoje. Hakungoja. Anayetaka kuniita mwongo aniite."

Hakuna aliyemwita. Omagor alikohoa akasema kwamba daktari ni daktari, na dawa ni dawa, na kesho yeye mwenyewe atampeleka Opolot zahanati kwa baiskeli. Akampeleka. Akampeleka kila siku, akimngoja nje kama mtu anayepeleka ng'ombe josho, mpaka Zephaniah aliposema basi.

Damu ilipimwa tena baada ya miezi, na tena baadaye. Majibu ya mwisho yalikuja mwaka wa sitini na saba. Zephaniah aliwasomea wote wawili: safi. Opolot alipiga goti kwa kofi akacheka, akataka kumshika Zephaniah mkono mara mbili. Alimpeleka Amuron kula hotelini, akaagiza ugali na samaki wa kukaanga, akamwekea upande wenye nyama nyingi.

"Umefurahi?" alimuuliza.

Amuron alifikiri. Aliutafuta moyo wake kama mtu anayepapasa mfuko wa nguo ya zamani. "Nilikuwa na njaa," alisema.

Waliishi pamoja. Opolot aliacha malori, kiuno kilikuwa kimeharibika, akalima pamba na tumbaku kidogo, na hakuwa mume mbaya. Walipata watoto wengine, wavulana, wazima wote. Adeke alipozidi kuzeeka, wanawake waliozaa walianza kumwita Amuron, naye alikwenda na sufuria na chumvi, na kwa kila mmoja alisema lile lile kwa sauti ile ile, mume akiwa palepale anasikia: kilichochanika kifunge kwanza, na kidonda kisichouma, mahali hapo, mkimbilie sindano, wote wawili.

Siku moja kwenye ghala la pamba, mwanamke mmoja aliyekuwa amesikia kisa chake alimuuliza kama alimsamehe Opolot. Walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakingoja mizani. Amuron aliitazama mizani, na yule mwanamke, akidhani amemkosea, akaanza kuomba radhi.

"Hapana, ni swali zuri," alisema Amuron. "Sijui. Hakuwahi kuniomba."

Karani akaita jina lake. Akainuka, akaligeuza gunia upande wa mshono, na yule mwanamke akamsaidia kulibeba.